Miaka 39, fibroidi, "tutoe vyote": mdogo wangu, weka kalamu chini

Mdogo wangu, weka kalamu chini. Salamu za "mwakeye" tutapeana baadaye, na waliotangulia kuchangia wanisamehe, naruka foleni.

Nimesoma swali lako mara mbili. Una miaka 39, unakaa Gungu, Kigoma, fibroidi zimefanya kizazi kiwe kikubwa kama mimba ya wiki 16, damu imeshuka hadi 7, na umeambiwa "tutoe vyote yaishe". Unauliza mawili: kama ni kweli kutolewa kizazi kunapoteza kumbukumbu kama shangazi yako anavyodai, na kama mama yako wa miaka 67, aliyekutwa na uvimbe kwenye ovari, naye akatae kisu. Kilichonitoa kwenye kiti si swali lolote kati ya hayo. Ni hilo neno "vyote". Umeliandika kama mtu anayeagiza chipsi mayai: weka vyote, na kachumbari juu.

Vyote ni vipi? Uliuliza? Hukuuliza. Mimi pia sikuuliza, nilikuwa na miaka 41, na nilikuwa nimeshakaa dirisha la dawa miaka ya kutosha kujua miligramu za kila kidonge kilichopita hapo. Elimu haikukingi na asubuhi ya operesheni. Ya kwangu yanaishia hapo, hayakusaidii. Na mtu asianze "ndiyo maana dada anarudiarudia maneno". Narudia kwa makusudi.

Sheria ni moja: OVARI ZISIZO NA UGONJWA HAZITOLEWI KABLA YA MIAKA 50 KWA SABABU TU TUMBO LIMESHAFUNGULIWA. Na zikilazimika kutoka, dawa ya estrojeni, homoni ya kike inayotoka kwenye ovari, inaanzwa mapema na inaendelea mpaka umri ambao ovari zingenyamaza zenyewe.

Huku kwetu mtu akisema "fulani katolewa kizazi" anaweza kumaanisha lolote kati ya mambo manne. Kuna kufunga kizazi, yaani mirija inafungwa au kukatwa ili yai lisikutane na mbegu. Hapo ovari hazijaguswa, homoni zinaendelea kama jana, na ubongo hauna habari. Kuna kutoa fibroidi peke yake, kizazi kikashonwa na kubaki. Kuna kutoa kizazi na kuacha ovari, kama anavyofanyiwa mama aliyepasuka kizazi wakati wa kujifungua na damu ikakataa kusimama. Na kuna kutoa kizazi, mirija na ovari zote mbili. Hii ya nne ndiyo "vyote", na hii ya nne ndiyo anayoiogopa shangazi bila kujua jina lake. Shangazi hajakosea sana. Kakosea kiungo.

Sasa fomu, maana hapo ndipo watu wanapouzwa.

Fomu ya ridhaa ni karatasi moja, mara nyingi kivuli cha kivuli, mistari imefifia. Juu ni jina na namba ya faili. Katikati kuna mstari wa nukta wa kuandika aina ya upasuaji. Chini kuna mahali pa sahihi au dole gumba. Kwenye ule mstari wa nukta usitegemee kukuta neno ovari. Utakuta herufi. TAH maana yake kizazi kinatolewa kwa kupasua tumbo. Ikifuatiwa na BSO, ni mirija na ovari za pande zote mbili. USO ni mrija na ovari ya upande mmoja. BS bila O ni mirija tu. Umeona? O moja, imeandikwa na mtu mwenye haraka kwa mwandiko wa kukimbiza Mwenge, ndiyo tofauti kati ya kuendelea na homoni zako miaka kumi zaidi na kuzikosa kesho kutwa.

Na wanakuletea saa ngapi? Asubuhi yenyewe. Hujala tangu usiku, kanula iko mkononi, umevaa gauni lililo wazi mgongoni, muuguzi kasimama na kalamu, nyuma yako kuna machela mbili zinasubiri. Mtu wa hali hiyo anasaini hata kuuza shamba la michikichi la babu yake. Kwa hiyo fomu iombe kliniki, siku kadhaa kabla, uisome ukiwa umevaa kitenge chako na umekunywa chai.

Ukiisoma, uliza kwa sauti: "Hii O ni ya nini?" Kisha fungua ripoti ya utrasaundi utafute mstari unaotaja ovari. Kama zimeandikwa ni za kawaida, aliyeandika BSO akupe sababu ya tatu mbali na hizi mbili nitakazozivunja sasa hivi.

Sababu ya kwanza watakayokupa: "zikibaki, uvimbe utarudi". Uongo mtupu ukiambiwa wewe unayetolewa kizazi kizima. Fibroidi huota kwenye msuli wa kizazi. Ni kweli inanenepeshwa na homoni za ovari, lakini kizazi kikishaondoka chote hakuna msuli wa kuotea. Hoja hiyo ina maana kwa anayetolewa fibroidi peke yake, na huyo hakuna anayemtoa ovari, wanamwachia azae.

Ya pili: "zikibaki zitakuletea saratani". Saratani ya ovari ipo na ni mbaya, sitaki kuipunguza. Lakini kwa takwimu za Marekani, mwanamke wa kawaida asiye na saratani hiyo kwenye ukoo anaipata maishani kwa kiwango cha chini ya wanawake 2 kati ya 100. Na zile kali zaidi nyingi zinaanzia kwenye ncha ya mrija, pale penye vidole vinavyopokea yai. Ndiyo maana siku hizi wanaofuata mambo wanatoa kizazi pamoja na mirija na kuacha ovari: unapata sehemu ya kinga bila kuzima mtambo. Hilo liombe kwa jina lake, TAH na BS, ovari zibaki. Anayebadilishiwa hesabu ni mwenye hitilafu ya kurithi kwenye jeni ya BRCA, inayopandisha hatari ya saratani hizi, au ukoo wenye saratani za matiti na ovari kwa mama, dada na shangazi. Huyo hushauriwa kutoa ovari akiwa kati ya miaka 35 na 40 kama ni BRCA1, na kati ya 40 na 45 kama ni BRCA2. Kama wewe ni wa kundi hilo, sema mapema, mazungumzo yanakuwa mengine.

Kuna wa tatu, mpole, ambaye hana sababu, ana methali. "Umeshazaa, hizi zinakaa bure." Huyo ndiye wangu. Simtaji jina wala jengo, na sidhani alikuwa na roho mbaya, alikuwa na foleni. Lakini nikiisikia sentensi hiyo mpaka leo damu inachemka. Zinakaa bure! Figo zako nazo umeshazitumia miaka 39, tuzitoe tupunguze mzigo? Kwa nini mwanaume wa miaka 39 akienda kufanyiwa henia hakuna anayemwambia "na korodani tuzipitie hapohapo, si umeshapata watoto"? Angeruka dirishani na dripu mkononi. Sisi tunaambiwa kwa upole na tunasema ahsante.

Kwa hiyo juu ya sahihi yako andika kwa mkono wako mwenyewe: "Ovari zibaki. Zitolewe tu zikionekana na dalili za saratani, zikiwa zimejinyonga na kufa, au zina usaha usiosafishika." Mwombe daktari asaini pembeni ya maneno hayo. Hayo matatu ni sababu za kweli, na humfungi mikono mtu aliye ndani ya tumbo lako saa nane mchana na kakuta asichokitegemea. Ila sisti si mojawapo. Mwanamke anayeona siku zake kukutwa na sisti ya maji ya sentimita 3 au 4 ni jambo la kila wiki kwenye utrasaundi. Nyingi hupotea zenyewe, unarudia kipimo baada ya wiki 6 hadi 12. Hata sisti kubwa isiyo ya saratani mara nyingi inaweza kumenywa kama ganda la yai na ovari ikabaki. Mkono wa anayemenya unachukua muda zaidi kuliko wa anayekata. Wengine hukata kwa sababu hiyo tu.

Haya, kumbukumbu.

Estrojeni yenye nguvu, estradioli, kabla ya kukoma hedhi inatoka karibu yote kwenye ovari. Mwanamke anayekoma kwa asili anaipoteza kwa kupanda na kushuka miaka kadhaa, na ovari zake zikishazeeka bado hutoa homoni nyingine ambazo mafuta ya mwili huzigeuza kuwa estrojeni dhaifu. Aliyetolewa zote mbili anaporomoka kwa siku moja au mbili. Joto la ghafla la kifua na uso linaweza kuanza akiwa bado wodini, na majirani wa kitanda wanadhani ni malaria.

Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kila upande kuna sehemu iitwayo hipokampasi. Ndiyo inayopokea jambo jipya na kuliweka: jina la mgeni, bei uliyoambiwa asubuhi, mstari wa pili wa ujumbe. Ina vipokezi vingi vya estrojeni. Wanasayansi wa New York mwaka 1990 walitoa ovari za panya wakatazama chembe za neva za sehemu hiyo kwa darubini: ndani ya siku chache vile vijiti vidogo ambavyo neva hutumia kupokea ujumbe kutoka neva nyingine vilikuwa vimepungua. Wakiwapa estradioli, vinarudi. Estrojeni pia inasaidia asetilikolini, kemikali ambayo bila yake kuzingatia kunakuwa kazi ngumu. Kwa hiyo ukisikia mtu aliyetolewa ovari anasema "neno liko mdomoni halitoki", si uvivu wala uzee wa mapema. Na kinachoguswa zaidi ni kumbukumbu ya maneno: orodha, majina, hadithi uliyosimuliwa. Njia ya kurudi nyumbani hupotei.

Kwa binadamu, Barbara Sherwin wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, aliwapima wanawake kabla na baada ya kutolewa kizazi na ovari. Matokeo ya 1992: waliopewa sindano ya estradioli hawakupoteza, waliopewa sindano isiyo na dawa walishuka kwenye kukumbuka jozi za maneno. Mwaka 1996 akafanya jambo linalokuhusu wewe moja kwa moja: wanawake wenye fibroidi waliochomwa ile sindano inayozima ovari kwa muda ili uvimbe usinyae. Kumbukumbu ya maneno ilishuka, wakiongezewa estrojeni ikarudi. Ukipewa sindano hiyo kabla ya operesheni, ujue ukungu wa kichwa ni wa dawa na unaondoka.

Hizo ni za miezi. Za miaka mingi ni mbili kubwa. Mayo Clinic ya Marekani iliwafuatilia wanawake wa kaunti moja ya Minnesota waliotolewa ovari kati ya 1950 na 1987: 813 ovari moja, 676 zote mbili, wakalinganishwa na 1,472 wenye zao. Mwaka 2007 wakaripoti kwamba waliotolewa kabla ya kukoma hedhi walikuwa na hatari ya kudhoofika akili au kupata demensia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili, iliyozidi kwa asilimia 46, na kadiri mtu alivyotolewa akiwa mdogo ndivyo hatari ilivyopanda. Lakini shika hapa: waliotolewa zote mbili mapema wakapewa estrojeni mpaka angalau miaka 50, ongezeko hilo halikuonekana. Ya pili ni ya Chicago, 2014, wanawake wazee 1,884: waliokoma kwa kisu wakiwa wadogo walishuka haraka zaidi, hasa kumbukumbu ya matukio na ya maana za maneno, na waliopasuliwa ubongo baada ya kufa walikuwa na utando mwingi zaidi wa ule ugonjwa wa Alzheimer. Waliokoma kwa asili mapema hawakuonyesha hivyo. Kisu na kalenda si kitu kimoja.

Najua atatokea bingwa wa takwimu hapa chini: hizi ni za kufuatilia, hazithibitishi kisababishi, labda wanaotolewa ovari wana maradhi mengine. Sawa kabisa, kaka. Lakini panya hana maradhi mengine, na wanawake wa Sherwin waligawiwa kwa bahati nasibu. Vitu vitatu vikielekeza kidole upande mmoja, mimi nahama njia.

Na shangazi nimpe haki yake kidogo. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Arizona State walitoa kizazi peke yake kwa panya, ovari zikabaki, na panya wakaanza kukosea kwenye mtego wa maji wenye njia nyingi pale walipotakiwa kushika mambo mengi kwa pamoja. Kwa hiyo kizazi nacho si begi tupu. Kwa wanawake athari ya kizazi peke yake ni ndogo na haijanyooka kama ya ovari, nisikutishe. Kilicho cha uhakika zaidi ni hiki: ovari zilizoachwa baada ya kizazi kutoka huwahi kuchoka. Utafiti wa New Zealand wa 2005 uliona wanakoma karibu miaka 4 kabla ya wenzao, na sehemu ya maelezo ni kwamba ovari hupata baadhi ya damu yake kupitia mshipa wa kizazi uliokatwa. Sasa wewe huna hedhi ya kukupa taarifa. Ukitolewa kizazi kwa miaka 39, kisha kwa 44 ukaanza kuamka umelowa jasho na majina yanateleza, kapime FSH, homoni inayopanda ovari zikichoka, mara mbili, wiki 4 hadi 6 kati ya kipimo na kipimo. Zikiwa juu zote mbili, wewe ni wa estrojeni, kama aliyekatwa.

Estrojeni yenyewe, maana hapa ndipo kosa la pili la bei kubwa lilipo: kutolewa ovari halafu kurudishwa nyumbani na amoksilini na paracetamol.

Kama kizazi hakipo, unahitaji estrojeni peke yake. Kama kizazi kimebaki, ni lazima projesteroni iongezwe, la sivyo ukuta wa kizazi unanenepa na kuweza kugeuka saratani. Kwa mwanamke mdogo dozi ni kubwa kuliko anayopewa bibi wa miaka 55: estradioli ya kumeza miligramu 2 kwa siku, au kibandiko cha mikrogramu 100 kinachobadilishwa mara mbili kwa wiki. Kibandiko hakipiti kwenye ini na hatari yake ya kugandisha damu ni ndogo kuliko kidonge, ila joto letu na jasho linakibandua. Bandika kwenye tako la juu au chini ya mkanda wa sketi, ngozi kavu isiyo na losheni wala mafuta ya mawese, bonyeza kwa kiganja sekunde kumi, badilisha upande kila mara, na kamwe si kwenye titi. Duka la dawa muhimu la mtaani usilisumbue, hawana. Mwandikiwe jina la dawa na dozi kwenye karatasi kabla ya operesheni, famasi kubwa iagize kutoka Mwanza au Dar, iwe mkononi kabla hujalazwa. Huanzwa siku au wiki chache baada ya upasuaji, ukishatembea vizuri. Kama kuna shaka ya saratani, majibu ya nyama yatoke kwanza. Presha ipimwe. Asitumie aliye na saratani ya matiti au aliyewahi kuwa nayo, aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, aliyewahi kiharusi, mwenye ini bovu, au anayetoka damu isiyoelezeka.

Dirishani nilikuwa nakutana na mbadala wa kila aina. Sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango: hiyo ni projestini, haina estrojeni hata chembe. Kijiti, vilevile. P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, vilevile, na mtu kaimeza kila wiki "kurudisha homoni". Cream ya ukeni yenye dozi ndogo ya estrojeni hutibu ukavu wa hapohapo, haifiki kichwani kwa kiwango cha maana. Unga wa soya ni chakula, upike uji. Na wale wa status za WhatsApp wenye chupa ya "kusafisha kizazi na kurudisha kumbukumbu", huyo anasafisha pochi. Kidonge cha uzazi wa mpango chenye homoni mbili kina estrojeni kweli, na kwa mwanamke chini ya miaka 40 hivi, asiyevuta sigara na mwenye presha nzuri, daktari anaweza kukitumia kama daraja pale estradioli haipatikani. Kiwe mikononi mwa daktari, si cha kununua kwa kunong'ona.

"Si homoni zinaleta saratani?" Hofu hiyo ilitoka kwa utafiti mkubwa wa Marekani wa 2002, wanawake wa wastani wa miaka 63, waliopewa estrojeni pamoja na projestini. Kundi la waliotolewa kizazi na kupewa estrojeni peke yake halikuongezeka saratani ya matiti, ilipungua. Kiharusi kiliongezeka, na ndiyo maana ya kupima presha. Lakini umri ni kila kitu. Wanawake wa miaka 65 na kuendelea walioanzishiwa mchanganyiko ule, ripoti ya 2003 ilionyesha demensia ikiwa karibu mara mbili. Unairudishia miaka 39 kilichokuwa chake. Hujaribu kumwamsha mzee kwa petroli.

Hapo ndipo anapoingia mama. Miaka 67, hedhi imekoma zamani, ovari zake hazina estradioli ya kupoteza, na uvimbe mpya kwenye ovari katika umri huo unatiliwa shaka ya saratani mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mama aende, apimwe damu kwa kipimo cha CA-125 na utrasaundi nzuri, ikiwezekana apelekwe hospitali ya Bugando, Mwanza, na zikitolewa zitolewe. Usimtishe kwa habari ya kumbukumbu, haimhusu. Cha kuangalia kwake ni kuchanganyikiwa kwa siku chache baada ya usingizi wa operesheni: awe na miwani yake, mtu anayemjua kando ya kitanda, maji ya kutosha, usiku taa izimwe alale. Na asianzishiwe homoni ya akili na mtu yeyote.

Turudi kwako, ile damu ya 7. Mdogo wangu, mwenye damu 7 hukumbuki ulikoweka funguo hata ovari zikiwa za msichana wa miaka 20. Sehemu ya ukungu ulionao SASA ni chuma. Vidonge vya kuongeza damu, miligramu 200 za salfeti ya chuma, kimoja kwa siku au siku moja kwa kupishanisha, usimeze na chai, na uendelee miezi 3 baada ya damu kufika kawaida. Siku za damu nyingi uliza kuhusu asidi ya traneksamiki, gramu 1 mara tatu kwa siku, siku 4 hadi 5 tu. Ikikubali, unapata miezi ya kufikiri, na unaweza kukuta mpasuaji wa kutoa fibroidi peke yake. Operesheni isiyo ya dharura inasubiri damu ifike angalau 10.

Kabla hujalala kitandani, jipime. Mtu akuandikie maneno 10 usiyoyaona, kwa mfano: mgebuka, kufuli, mwembe, shilingi, mkeka, kengele, daraja, sukari, mpini, wingu. Akusomee polepole mara tatu, kila mara uyataje. Kisha fanya kazi nyingine dakika 20, bila simu, uyataje tena bila kusomewa. Andika idadi na tarehe nyuma ya kadi ya kliniki. Rudia miezi 3 na 12 baada ya operesheni kwa maneno mengine. Ukishuka kutoka 8 hadi 4 na damu iko sawa na unalala, unayo karatasi ya kumwekea daktari mezani, hatakwambia "ni mawazo".

Kliniki yako ni lini? Kabla ya kwenda piga picha ile fomu uiweke hapa, ziba jina na namba ya faili. Nipo. Nikiona hiyo O nitakupigia kelele mpaka Ujiji wasikie.